Matarumbeta ya Majengo na zile asilimia 15

SWALI: Mshauri, habari za kazi. Mimi ni katibu wa kikundi cha matarumbeta hapa Majengo, Moshi; tumesajiliwa kama NGO. Tuliomba ruzuku ndogo ya diplomasia ya umma katika ubalozi wa Marekani, tukakosa. Tuliambiwa mambo mawili: uhusiano na Marekani hauonekani, na gharama zisizo za moja kwa moja zimekokotolewa vibaya. Lakini tuliweka asilimia 15, ambayo ndiyo inayoruhusiwa. Kosa liko wapi? Andiko na bajeti nimeambatanisha.

JIBU: Ndugu katibu, nzuri. Nimesoma vyote viwili. Nianze na hesabu kwa kuwa ndiyo uliyouliza, ingawa sidhani kama ndiyo iliyowaangusha.

Asilimia 15 ni sahihi. Shirika ambalo halina kiwango kilichokubaliwa rasmi na serikali ya Marekani linaweza kudai hadi hapo (kabla ya Oktoba 2024 mwisho ulikuwa 10), kwa ajili ya umeme wa ofisi, vocha, mhasibu na mengine yasiyoshikika kwa mradi mmoja. Kosa ni kwamba mmeipiga kwenye jumla yote. Kabla ya kuipiga, kuna vitu vinatolewa. Kodi ya ukumbi inatoka. Nauli na posho za washiriki, yaani wale vijana mnaowafundisha, zinatoka pia. Bajeti yenu ina sh. 30,000,000 za gharama za moja kwa moja. Ukumbi na washiriki ni 8,000,000. Basi asilimia 15 inapigwa kwenye 22,000,000, mnapata 3,300,000. Ninyi mmeandika 4,500,000. Anayekagua huliona hilo kabla hajamaliza chai.

Tukiwa hapo hapo kwenye bajeti. Mstari wa “Semina – 12,000,000” uvunje. Andika: chakula cha mchana, vijana 24 × siku 8 × sh. 6,000 = 1,152,000. Kila mstari uwe hivyo, na chini yake sentensi moja ya kueleza. Matarumbeta mmeyaweka kwenye mitambo. Yahamishie kwenye vifaa vya kawaida, kwa sababu kwao kitu kimoja hakiitwi mtambo mpaka kifike dola 10,000. Ukarabati wa chumba cha mazoezi futa, ujenzi hawagharamii. Na ule mstari wa “vinywaji vya kienyeji siku ya kilele” nimecheka, mimi pia ni mtu wa mbege, lakini kileo hakilipwi na ruzuku hiyo hata kiwe cha babu. Changeni wenyewe, nje ya bajeti.

Sasa uhusiano. Ukurasa wako wa kwanza wote ni ajira kwa vijana na dawa za kulevya. Ni kweli tupu, lakini hiyo ni lugha ya kuombea msaada wa maendeleo. Fedha hizi zipo kwa ajili ya watu wa nchi mbili kujuana, na msomaji anatafuta Mmarekani yuko wapi ndani ya kazi. Nimemtafuta nami. Ukurasa wa tatu nikakuta wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 na jinsi tarumbeta zilivyoingia makanisani. Historia nzuri sana, ila ni ya Ujerumani. Mmempelekea Mmarekani posa ya Mjerumani!

Na hadithi ya kumsimulia mnayo. Jumamosi ninyi hupanda nyuma ya pikapu mkaongoza msafara wa harusi, tarumbeta moja inaita, nyingine zinaitikia, watu wanatoka madukani kucheza. Kule New Orleans, Marekani, bendi za namna hiyo hutembea barabarani, hata msibani: kwenda makaburini wanapiga taratibu, kurudi wanachangamka na umati unafuata nyuma ukicheza. Mleteni mpigaji mmoja wa kule akae siku kumi Majengo, afundishe na yeye afundishwe, kisha mpige pamoja stendi ya Moshi na siku nyingine Arusha. Hapo ukimwondoa Mmarekani mradi unakufa, na hicho ndicho kipimo ninachokitumia kwa kila andiko la aina hii. Lile lenu la sasa ukimwondoa halipungukiwi hata nukta.

Barua ya mshirika itasaidia. Moshi ina mji dada Florida, Delray Beach. Arusha ina Durham, North Carolina, ambako chuo kikuu cha North Carolina Central kinafundisha jazi. Andikeni huko sasa, majibu huchukua muda. Tiketi ya mgeni ikilipwa na ruzuku, kanuni yao inataka iwe na namba ya safari ya shirika la ndege la Marekani, hata kama ndege itakayotua KIA ni ya mshirika wake. Ulizeni kabla ya kulipa.

Kufanyia mazoezi ukumbi wa usharika si tatizo. Ibada ndani ya ratiba ya mradi ni tatizo, kwa hiyo lile onyesho la Jumapili baada ya misa ya pili liondoeni.

Jambo la mwisho hamkuliuliza. Usajili wenu SAM.gov, ile tovuti ya serikali ya Marekani wanakojisajili waombaji wa ruzuku, unaonyesha anwani ya sanduku la posta. Haikubaliki, wanataka mahali mlipo. Tumieni anwani ya makazi, jina la mtaa, namba ya nyumba na postikodi, na iandikwe herufi kwa herufi kama ilivyo kwenye nyaraka zenu. Mimi mwenyewe niliwahi kurudishwa mara tatu kwa sababu “Barabara” upande mmoja ilikuwa “Brbr.” upande mwingine. Usajili ni bure na unahuishwa kila mwaka. Atakayewaandikia barua pepe akidai dola mia kadhaa za kuushughulikia, mfuteni.

Mkipata, na kiasi kikazidi sh. milioni 20, mkataba unapelekwa kwa Msajili wa NGOs na Hazina ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Mnitumie bajeti mpya kabla hamjaituma, niipitie.