Mikate iliingiaje kwenye dhoruba?

Kuna kipindi nilikuwa naongoza somo la Biblia la Jumatano jioni, huku Kirumba, Mwanza. Sifa yangu ilikuwa kukariri: nitajie sura na mstari, nakumwagia maneno. Hata mashindano ya kukariri niliyaanzisha mimi.

Jioni moja tukafika Marko 6. Wanafunzi wanapiga makasia, upepo ni wa mbisho, Yesu, aliyetoka kulisha umati kwa mikate mitano, anawajia akitembea juu ya maji. Nikamalizia na mstari wa 52: “kwa maana hawakufahamu habari za ile mikate, lakini mioyo yao ilikuwa mizito.” Mama mmoja anayeuza dagaa pale mwaloni akanyoosha mkono. “Mwalimu, hawa wanaogopa maji. Mikate inaingiaje hapa?”

Nikasema tutaliangalia wiki ijayo. Aliyewahi kufundisha anaijua hiyo.

Nyumbani nikafungua kamusi ya Kigiriki. “Kufahamu” hapo ni kitenzi suniemi, na nomino yake ni sunesis. Ndani yake mna sun, yaani “pamoja”, na hiemi, yaani kutuma au kupeleka. Katika Odyssey, utenzi wa kale wa Kigiriki, mshairi Homer anaitumia nomino hiyohiyo kwa mahali mito miwili inapokutana. Sisi wa ziwani picha hiyo haitupi shida: Ruvubu na Nyabarongo inakutana karibu na maporomoko ya Rusumo, unaoendelea kutoka hapo ni Kagera, na maji yake yanaishia humu ziwani kwetu, Victoria.

Ila usikimbilie kuhubiri mito. Nimewasikia wahubiri wengi, nami nikiwemo, wakilikamua neno la Kigiriki mpaka litoe kisichokuwemo. Kiswahili chenyewe kinatuonya: kuelewa kunafanana na kuelea, lakini ukisema “nimeelewa” huwazi mtumbwi. Mzizi unakupa picha tu. Maana utaipata kwenye matumizi.

Na matumizi Marko anayo, sura mbili mbele. Wamo mashuani tena, wana mkate mmoja, wanasumbuana kwamba hawana mikate. Yesu anawauliza: nilipoimega ile mitano, mlijaza vikapu vingapi vya vipande? Kumi na viwili. Na ile saba, ya umati mwingine? Saba. Majibu yote sahihi! Halafu anawauliza kama bado hawajafahamu, na kitenzi ni kilekile, suniemi.

Hapo ndipo nilipojiona. Watu hawa walikuwa na hesabu kamili, vikapu walivibeba wenyewe. Walichoshindwa ni kuipandisha ile mikate mashuani, kuiweka karibu na upepo na kuona kwamba aliyewalisha jana ndiye anayewajia usiku huu. Mimi na mistari yangu tulikuwa hivyohivyo.

Jumatano iliyofuata nikamweleza yule mama. Akacheka. “Kumbe ni kama kuanika.” Akasema kijana wake wa kazi anajua wingu jeusi ni mvua, anajua upepo ukigeuka kuna jambo, anajua dagaa mbichi hawafungwi kwenye gunia. Vyote anavijua, kimoja kimoja. Yeye mama, upepo ukimgusa shingoni tu, anachota dagaa kiganjani, anawavunja kusikia kama wamekauka, anatazama turubai liko wapi na mikono iko mingapi, ndipo anapiga kelele. Kijana anashtuka matone yakishaanguka, na dagaa walionyeshewa wanakwenda kwa bei ya chakula cha kuku.

Mashindano nimeyafuta. Kukariri si kubaya, lakini zawadi nilikuwa nazitoa kwa kuhesabu vikapu. Siku hizi nikifika kwenye mstari unaonitatiza, kamusi inabaki mezani kwanza. Narudi nyuma kwenye kitabu hichohicho, sura moja au mbili, nauliza: hawa watu jana waliona nini? Kisha najiuliza mimi mwenyewe jana niliona nini, na hili ndilo gumu zaidi. Ada za watoto zikinikaba Januari, nalazimika kukumbuka Januari zilizopita zilivyopita.

Ukitaka kujaribu, chukua Marko sura ya 4 hadi ya 8, uzisome kwa mkao mmoja, na penseli mkononi. Weka alama kila wanapopanda mashua.