Kura moja iliyovaa gwanda

SWALI: Nasoma kwamba Myanmar ina majimbo ya Wakachin, Washan, Wakaren na wengineo, na yote yana wabunge. Mbona watu hao husema hawawakilishwi? Wanalalamika bure? Na nini hasa kingewaridhisha?

JIBU: Hapana, ndugu yangu, hawalalamiki bure. Mimi mwenyewe sikuelewa mpaka nilipochukua kalamu na kupiga hesabu. Katiba ya mwaka 2008, iliyotungwa chini ya utawala wa kijeshi, iliweka wabunge 664 katika mabunge mawili ya taifa. Kati yao, 166 ni wanajeshi walioteuliwa na mkuu wa majeshi; wanaobaki, 498, ndio wa kupigiwa kura. Kurekebisha katiba kunataka zaidi ya asilimia 75. Sasa gawanya: 498 ni asilimia 75 kamili. Hata wakikubaliana wote, Mkachin na Mbamar wa kabila kubwa la nchi, chama tawala na wapinzani, inapungua kura moja, na kura hiyo imevaa gwanda.

Lakini linaloniuma zaidi liko majimboni. Mkuu wa serikali ya jimbo hatokani na kura za wenyeji; huteuliwa na rais. Mwaka 2015, katika bunge la jimbo la Rakhine, chama cha Warakhine ndicho kilichopata viti vingi kuliko vyama vyote. Uongozi akapewa mtu wa chama kilichoshinda uchaguzi wa taifa, cha mwanasiasa wa kiraia Aung San Suu Kyi. Jeshi halikumteua huyo, aliteuliwa na serikali ya kiraia, ndiyo maana siwaamini wanaosema askari wakirudi kambini yamekwisha. Na Warohingya, Waislamu walio wachache wa jimbo hilohilo? Mwaka 2010 walipiga kura kwa kadi nyeupe za muda. Kufikia 2015 kadi zilikuwa zimefutwa, na majina yao yakaondolewa daftarini.

Kuhusu kuwaridhisha, rudi Panglong, mji wa jimbo la Washan, tarehe 12 Februari 1947. Hapo Aung San, kiongozi wa kupigania uhuru na baba yake Suu Kyi, alitia saini pamoja na viongozi wa Washan, Wakachin na Wachin kwamba maeneo yao yatajiendeshea mambo ya ndani. Miezi mitano baadaye akauawa. Jeshi likatwaa nchi mwaka 1962, likatwaa tena Februari 2021. Siku ile ya Panglong ingali sikukuu ya taifa, Siku ya Muungano. Anza na hilo la kujiendeshea, na kiongozi wa jimbo atokane na bunge la jimbo lake.