ISBN ya kitabu ulichojichapishia haihami

Ulijichapishia kitabu, sasa mchapishaji anataka kukitoa upya: je, atatumia ISBN yako ya zamani, yaani namba ya utambulisho wa kitabu? Hapana, ataomba mpya. Ile namba ya tarakimu 13 inamtambulisha mchapishaji: baada ya 978 inakuja namba ya nchi, kama 9987 au 9976 ya Tanzania, kisha tarakimu zinazoonyesha ni wewe uliyejichapishia. Toleo likiwa lake, na namba inakuwa yake. Hakimiliki ni jambo jingine kabisa: kwa sheria yetu ya 1999 ni ya mtunzi tangu kazi inapoandikwa, hata kama hukuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Mimi nilisaini mkataba na mchapishaji nikiwa bado na maboksi mawili ya toleo la kwanza chini ya kitanda, nakala nilizokuwa nauza mkononi pale kivuko cha Kamanga, Mwanza, abiria wakisubiri kuvuka. Mkataba haukuzitaja. Niliomba kiongezwe kipengele cha miezi sita nizimalize, wakakubali bila shida. Nawe kiombe kabla ya kusaini, usije ukazuiwa kuuza jasho lako. Ila kama uliwahi kumpa mtu haki za pekee (yeye tu ndiye wa kukitoa) kwa maandishi, hata za nakala ya kwenye simu tu, mwonyeshe mchapishaji karatasi hiyo kwanza.