Riwaya Yangu Imekwisha au Bado?

Swali: Mhariri, nimeuandika upya mswada wa riwaya yangu mara 6, na kila nikiusoma naona la kubadili. Nitajuaje kwamba umekwisha, nami sijawahi kuchapisha chochote?

Jibu: Ukifika mahali unapoondoa alama ya mkato asubuhi na kuirudisha jioni, kazi imekwisha, kilichobaki ni hofu. Hata hivyo, uweke mswada kando mwezi mzima, kisha uusome kwa sauti, maana ulimi hujikwaa pale jicho linapopita (mimi ndivyo nilivyomkuta mhusika niliyemzika katika sura ya 3 akicheka katika sura ya 9). Wachapishaji wengi hutaka kwanza muhtasari na sura za mwanzo tu, na jibu huweza kuchukua miezi. Anayekudai fedha ili akuchapishe anakuuzia huduma, hanunui riwaya yako.