Montségur au Peyrepertuse ukiwa na mzazi mzee

Ndugu, umeuliza kama inafaa kutembelea magofu ya ngome za Montségur na Peyrepertuse, kusini mwa Ufaransa, kwa siku moja ukiwa na mama mwenye umri mkubwa. Kwa maoni yangu chagueni Montségur peke yake, kwani barabara za milimani hupinda sana na safari humaliza siku.

Ngome hiyo imekaa juu ya jabali lenye kimo cha mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na njia yake ina mwinuko mkali, yenye mawe yaliyolainishwa na nyayo za wageni, ambayo mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Mama si lazima apande: chini kuna uwanja wenye mnara mdogo wa kuwakumbuka Wakathari (wafuasi wa madhehebu ya Kikristo yaliyohesabiwa na Kanisa Katoliki kuwa ya uzushi) zaidi ya 200 waliochomwa moto tarehe 16 Machi 1244, baada ya ngome kuzingirwa kwa takriban miezi kumi, na kijijini kuna makumbusho. Wewe ukipanda, fahamu kwamba kuta zinazoonekana leo (wageni wengi hawaambiwi) kwa sehemu kubwa zilijengwa baada ya mzingiro huo.

Peyrepertuse ina ngazi zilizochongwa mwambani, pembeni mwa korongo. Siku ya upepo mkali sikushauri kuzikanyaga.