Maji ya kusafisha damu yakiuma tumboni: muuguzi anajibu

*Shikamoo dada. Mama ana wiki mbili tangu aanze kusafishiwa damu nyumbani kwa njia ya tumbo. Kila maji yakiingia anakunja uso na kushika ukingo wa kitanda. Tunakosea wapi?*

Marahaba. Huenda hamkosei popote. Maumivu haya huwapata wengi mwanzoni, na mara nyingi hupungua kadiri wiki zinavyokwenda. Anzeni na mwendo wa maji. Mfuko wa lita 2 ukitundikwa juu sana, maji hushuka kwa nguvu na kupiga pale penye ncha ya mpira, ule mrija unaopeleka maji tumboni. Ushusheni, au mbane mpira kidogo, yaingie taratibu. Mtazameni mama usoni, msitazame saa.

*Umeme hukatika. Naweza kupasha mfuko kwenye sufuria ya maji moto?*

Hapana, nakuomba sana. Maji ya sufuria hubeba vijidudu hadi kwenye maungio ya mfuko. Maikrowevu nayo hupasha kwa mabaka: huku vuguvugu, kule pa kuunguza. Tumia joto kavu, yaani lisilogusisha mfuko na maji, karibu nyuzi 37. Ukijua umeme utakatika, pasha mapema kisha uviringishe kwenye blanketi, mfuko ungali ndani ya nailoni yake ya nje.

*Nimefanya yote hayo. Bado yanachoma dakika za kwanza, halafu yanatulia.*

Nashuku tindikali. Maji ya kawaida yenye lakteti, kiungo cha kupunguza tindikali ya damu, yana pH (kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali huzidi) ya karibu 5.5, ilhali ya damu ni 7.4. Yakishachanganyika na majimaji ya mwilini, mchomo hutulia. Yapo yenye kiungo kingine, bikaboneti, ambayo ni laini zaidi. Muulize daktari wako kama yanapatikana. Anaweza pia kuamua maji kidogo yabaki tumboni kila mnapoyatoa, ili yanayofuata yasikute pakavu. Usichanganye dawa yoyote kwenye mfuko kwa uamuzi wako. Na choo je? Wengi huona aibu kulisema hili, lakini choo kigumu husukuma mpira na kuukandamiza.

*Kwa nini bega liume wakati mpira uko tumboni?*

Ni hewa. Imeingia na maji ikapanda chini ya kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo. Hakikisha mpira umejaa maji kabla ya kuufungulia kuelekea tumboni.

*Nitajuaje kwamba haya si maumivu ya kawaida?*

Ya kawaida huja na maji na huondoka. Yakibaki, au mama akapata homa, au maji yanayotoka yakawa na ukungu kama yaliyooshea mchele, usingoje asubuhi. Nenda hospitali, na huo mfuko uubebe.