Bastola garini haitamtuliza dereva mwenye hasira

Mdogo wangu, pole sana kwa yaliyokukuta. Umesema jamaa wa pikapu alikuandama barabarani Houston, Texas, huku akipiga honi na kukutukana, na sasa unauliza kama bastola ya halali garini ingemfanya aogope.

Nakuomba usiitegemee, hata kama husemwa kwamba watu wakiwa na silaha huheshimiana. Kweli, tangu Septemba 2021 Texas inamruhusu mtu wa miaka 21 na zaidi, asiye na kizuizi cha kisheria, kubeba bastola bila kibali. Lakini hebu fikiria: ikiwa imelala kwenye droo ya dashibodi, yeye haioni, sasa atatishwa na nini? Ukiitoa umwonyeshe, ugomvi wa honi umeshakuwa wa kufa na kupona, na wewe ndiye unaweza kushtakiwa.

Mtafiti David Hemenway wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha mwaka 2006 utafiti juu ya madereva wa Marekani. Kati ya waliobeba bunduki garini, asilimia 23 walikiri kuwaonyesha wenzao ishara za matusi. Wasiobeba, asilimia 16. Haithibitishi kwamba silaha ndiyo inayoleta jeuri, ila hiyo heshima tunayoahidiwa siioni.

Akikufuata tena, usimtazame, usisimame, na usimpeleke nyumbani kwako. Pandisha vioo, funga milango, piga 911, elekea kituo cha polisi au penye watu wengi. Na kama upo huko kwa viza ya masomo, muone wakili kabla hujagusa silaha yoyote, maana sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, kwa kawaida inakukataza kabisa.